Kiwanja cha Ukingoni na Jirani Aliyemo

Katika mji wetu wa Kindu neno hili lasikika mara kwa mara: fulani amenunua parseli karibu na mto. Mwalimu, mfanyabiashara, mtumishi wa Serikali, hata ndugu aliyehamia Ulaya, kila mwenye fedha kidogo hutafuta kiwanja. Na kiwanja cha ukingo wa Lualaba hutamaniwa na wengi, maana bandari i karibu, soko li karibu, na njia ya maji ipo mbele ya mlango. Mtu akitaka kununua huuliza maswali mawili. La kwanza: Bei yake yafaa? La pili: Karatasi zake ni safi? Akijibiwa vema katika yote mawili, hulipa, na moyo wake hutulia.

Sisi twataka kuuliza swali la tatu, ambalo halimo katika karatasi. Mtu anayeweka fedha yake mahali wanapokaa watu wengine, adaiwa nini na watu hao? Je, amenunua udongo tu, au pamoja na udongo amejipatia jirani? Swali hili si la matajiri peke yao. Hata mkristu aliyenunua nusu ya kiwanja kwa jasho la miaka kumi, naye sharti alijibu.

Kabla ya yote tukubali jambo moja: kuweka fedha katika ardhi si dhambi. Katika nchi yetu fedha ya noti imewaangusha watu mara nyingi. Wazee wanakumbuka miaka ya 1990, zaire ilipopoteza thamani siku kwa siku, hata mshahara wa mwezi haukumaliza juma. Mwaka 1998 ikaondolewa, ikaja franka. Tena benki hazikufika kila mahali. Kwa hiyo kiwanja kimekuwa benki ya mfanyakazi. Baba akinunua parseli huwaza ada ya shule ya watoto, huwaza uzee wake, huwaza mke wake siku atakapobaki mjane. Hayo ni mawazo mema. Katika mfano wa talanta, mtumishi aliyefukia fedha ya bwana wake hakusifiwa. Na mji hauwezi kukua pasipo watu wanaothubutu kujenga. Mwenye fedha akisimamisha nyumba imara, fundi hupata kazi, mpangaji hupata bati lisilovuja, Serikali hupata kodi. Basi hatuandiki kumhukumu anayenunua. Twataka kujua yampasa anunue namna gani.

Tuangalie kwanza ni nani wanaokaa ukingoni, na kwa sababu gani. Watu wa mbali husema: "Wale ni wajinga, wamejenga njiani mwa maji." Maneno hayo ni mepesi mno. Wagenia, mabingwa wa mtumbwi na wa nyavu, wamekaa kando ya Lualaba tangu zamani. Kwao mto ni shamba. Mpiga kasia anayevusha watu kati ya Kasuku na Alunguli yampasa kulala karibu na mtumbwi wake. Mama auzaye samaki yampasa kufika pwani ya mto alfajiri, kabla ya wachuuzi wengine. Mchukuzi wa bandarini hana fedha ya kulipa pikipiki kila asubuhi kutoka mitaa ya mbali. Tena wengi walikuja mjini wakati wa vita vya mwaka 1998 hadi 2003, wakikimbia vijiji vyao, wakajenga mahali walipopata nafasi. Watu hawa wote wanajua kwamba mto hupanda. Wamepima hatari ya maji na hatari ya njaa, wakaona njaa ndiyo iliyo karibu zaidi. Anayetaka kununua ardhi waliyosimama juu yake sharti aanze kwa kuwaheshimu kama watu wenye akili.

Mji wenyewe wa Kindu ulikua kwa sababu ya mto na kwa fedha ya watu waliotaka faida. Kutoka Ubundu meli hupanda Lualaba kilometa zaidi ya 300 hadi kwetu. Huko juu zaidi mawe na maporomoko huzuia meli, ndiyo sababu kampani ya reli ya Kongo na Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga njia ya chuma kutoka Kindu kwenda Kongolo, ikafika huko karibu na mwaka 1911. Wakati huo mji uliitwa Kindu-Port-Empain, kwa jina la Baroni Empain wa Ubelgiji, mwenye kampani. Tazameni jambo hilo: mtu aliyekaa Ulaya aliweka fedha, na jina lake likaandikwa juu ya mji ambao wengine waliujenga kwa mikono yao. Reli na bandari zimetufaa hata leo, hatukatai. Lakini jina la mwenye fedha limefutika, na wajukuu wa wachukuzi wangali hapa ukingoni.

Mto wetu umeona mabaya kuliko hayo. Huko juu, Nyangwe, palikuwa na soko kubwa ukingoni, na wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa walikuwa wameweka mali nyingi mahali pale. Daktari Livingstone alikuwapo siku ya tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara hao walipoufyatulia risasi umati wa soko. Wengi waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza vyakula, na wengine walizama mtoni wakikimbia. Twakumbusha habari hii kwa sababu moja. Wenye mali wa Nyangwe walijua vizuri hesabu ya pembe na hesabu ya shanga. Watu wa pale hawakuwa katika hesabu yao ila kama bidhaa. Mnunuzi wa leo hana bunduki, wala hatumfananishi na wale. Lakini kila biashara yaweza kuanza kusahau kwamba watu ni watu, na kusahau huko huanza kidogo kidogo.

Sasa tuje kwenye karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka neno kubwa: ardhi ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia, nayo huthibitishwa kwa sertifika ya kuandikishwa. Lakini katika maisha ya kila siku ziko njia nyingine. Mzee wa ukoo hukata kipande, mashahidi wawili hutia sahihi, chifu hupiga muhuri, na jambo limekwisha. Hivyo juu ya kiwanja kimoja mara nyingine husimama watu watatu: mwenye sertifika, mwenye barua ya chifu, na mwenye kukaa pale miaka ishirini bila karatasi yoyote. Kuamua nani mwenye nguvu mbele ya sheria ni kazi ya hakimu, nasi hatuingilii kazi yake. Lakini karatasi husema ni nani aweza kumwondoa mwenzake. Kama ni haki kumwondoa leo, kwa namna hii, katika mvua hii, hilo karatasi halisemi. Hilo huulizwa dhamiri.

Na dhamiri yaulizwa kwanza juu ya ukweli. Zaidi ya miaka 2000 iliyopita Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu, alitoa mfano wa mtu auzaye nyumba. Kwa nje yapendeza, lakini hewa yake huleta magonjwa, nyoka huingia vyumbani, na miti yake imeoza. Hakuna ajuaye ila mwenye nyumba. Je, yampasa kusema? Cicero aeleza mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babiloni na Antipater. Diogenes alifikiri kwamba muuzaji hakumlazimisha mtu kununua; mnunuzi ana macho yake, na kunyamaza ni mbali na kudanganya. Antipater alijibu kwamba kumwacha mwenzako aingie katika hasara unayoijua ni vibaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero akawa upande wa Antipater. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilipima tena jambo hilo. Alifundisha kwamba kasoro iliyofichika, yenye kuleta hatari au hasara, muuzaji lazima aifunue. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, halazimishwi kuitangaza, mradi amepunguza bei ipasavyo.

Tulete mafundisho hayo mpaka Kindu. Ni mwezi wa saba, kiangazi. Mto umeshuka, mchanga waonekana, watoto wanacheza mpira mahali ambapo wakati wa masika mtumbwi ulipita. Muuzaji amleta mnunuzi, amwonyesha kiwanja kikavu, upepo mzuri, mandhari ya kupendeza. Je, hatari ya mto ni kasoro iliyo wazi? Mto wenyewe hauna haja ya kutangazwa. Hata kipofu ausikia. Lakini mahali yanapofika maji ya masika hapaonekani kwa mgeni. Huyajua aliyekaa pale, aliyewahi kuweka magodoro juu ya meza usiku. Basi alama ya maji ndiyo ile miti iliyooza ya Cicero. Muuzaji anayenyamaza juu yake amechukua fedha ambayo haki haikumpa, hata kama mashahidi kumi wametia sahihi.

Ubaya hauishii hapo. Mnunuzi aliyefichwa ukweli mara nyingi hakai mwenyewe ukingoni. Yeye hukaa mlimani, au mji mwingine, au ng'ambo. Masika ya kwanza apashwa habari kwamba maji yameingia. Afanya nini? Angoja kiangazi kirudi, apaka chokaa mahali pa alama, ampangisha mtu mwingine, apokea garanti ya miezi mitatu. Hivyo kimya hupita mkono kwa mkono, kila mmoja akijiponya kwa kumwumiza anayefuata, mpaka kimfikie asiye na wa kumpitishia: mpangaji alalaye pale na watoto wake. Kwa hiyo twasema kwa uthabiti: aliyedanganywa ana haki ya kudai fedha yake kwa aliyemdanganya, lakini hana ruhusa ya kuilipisha kwa mwingine.

Baada ya ukweli yafuata neno juu ya jirani aliyemo. Wengi hujitetea hivi: "Mimi nimenunua kwa haki. Aliyemo kiwanjani ni shauri la aliyeniuzia. Amwondoe yeye, mimi nitaingia pakiwa patupu." Maneno hayo yaonekana kuwa safi. Basi tufungue Maandiko Matakatifu, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, tusome habari za Naboti na shamba lake la mizabibu.

Twajua sote kwamba Mfalme Akabu alitenda vibaya. Lakini je, twajua alianza kukosa wapi? Kutaka kununua halikuwa kosa. Tena bei yake ilikuwa nzuri: alimwahidi Naboti shamba lililo bora kuliko lile, au fedha kamili kama apenda. Naboti akakataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mfalme hakuweza kuvumilia kukataliwa. Akalala akauelekeza uso ukutani, asile chakula. Yezabeli mkewe akaandika barua, akazitia muhuri wa mfalme. Wazee wa mji wakakusanyika, wakasimama mashahidi wawili, hukumu ikatolewa, na Naboti akauawa kwa mawe. Oneni vema, ndugu: karatasi za shamba lile zilikuwa kamili! Palikuwa na barua, muhuri, baraza na mashahidi wawili. Na Akabu mwenyewe hakushika jiwe. Yeye aliambiwa tu kwamba shamba sasa ni tupu, akatelemka kulichukua. Ni humo shambani nabii Elia alipomkuta, akamdai damu ya mtu.

Basi anayesema, "Nitaingia pakiwa patupu," na akumbuke kwamba hata Akabu aliingia pakiwa patupu. Yampasa kujua kulikuwaje patupu. Fedha yake ndiyo iliyofanya mtu mwingine atake kupasafisha. Aliyetoa fedha na kugeuza uso asione jinsi kiwanja kilivyosafishwa, ana sehemu yake katika kazi hiyo.

Mtu atauliza: Je, mwenye kukaa bila karatasi ana haki gani? Akae bure juu ya mali ya watu milele? La, hatusemi hivyo. Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba ni halali mtu awe na mali yake mwenyewe, aitunze na kuigawa. Lakini katika kuitumia, asiione kama yake peke yake, awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulifundisha kwamba vitu vya dunia vimewekwa kwa ajili ya watu wote. Na Papa Paulo wa Sita, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alisema wazi kwamba haki ya mali ya mtu binafsi ina mipaka. Kwa hiyo mwenye kukaa hawi mwenye kiwanja kwa sababu tu amekaa. Lakini ana madai ya kweli. Adai kuambiwa mapema, na wakati wa kuhama usiwe wakati wa mvua kubwa wala katikati ya mwaka wa shule. Adai fedha ya mihogo na michikichi aliyoipanda, na ya kuta alizozisimamisha kwa mikono yake. Kama ni mjane mwenye watoto, adai kwamba asitupwe njiani kabla ya kujulikana atalala wapi. Bei isiyo na nafasi ya mambo hayo ndani yake ni bei ya uongo: yaonekana ndogo kwa kuwa sehemu yake yalipwa na maskini.

Hapo huja utetezi mwingine, nao una nguvu zaidi. "Kuwaondoa ni kuwaokoa. Mto waua." Nani atakataa? Mwezi wa Januari 2024 mto wa Kongo ulifika meta 6.20 kwenye kipimo cha Kinshasa, ukakaribia sana alama ya mwaka 1961 ya meta 6.26. Dar es Salaam, mwezi wa Desemba 2011, bonde la Msimbazi lilijaa maji, watu wakafa. Nairobi, katika masika ya mwaka 2024, mito ya mji ilifurika, na nchini Kenya zaidi ya watu 200 walikufa katika mvua zile. Kuna mahali ambapo mwanadamu hapaswi kulala, na mkuu wa mji anayekataza kujenga pale atenda kazi yake.

Lakini tutazame yaliyofuata. Watu wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mji. Palikuwa pakavu, kweli. Lakini kazi ilibaki mjini, soko lilibaki mjini, nauli ikala mshahara. Wengine wakarudi bondeni. Je, walikuwa wajinga? Waliokolewa na maji, wakakabidhiwa kwa njaa. Kumwokoa mtu kweli ni kumwokoa pamoja na riziki yake. Na iko alama moja ya kupima utetezi huu. Mtu akisema, "Ondokeni, ni hatari," na baada ya mwaka mahali pale pale pakasimama nyumba ya ghorofa au ghala la saruji, basi hatari ile ilikuwa ya nani? Kama pafaa kuinuliwa kwa mawe na udongo kwa ajili ya tajiri, palifaa kuinuliwa kwa ajili ya mvuvi. Huko Kinshasa, karibu na Kingabwa, mji mpya uitwao Cité du Fleuve umejengwa juu ya mchanga uliovutwa kutoka mtoni, tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Ni ushahidi kwamba mwanadamu aweza kuinua ardhi juu ya maji akitaka. Swali ni kwa ajili ya nani anataka.

Ipo njia ya tatu, kati ya kuwafukuza maskini na kuwaacha wafe maji. Twaiona katika nchi ya mbali ya Indonesia, katika mji wa Yogyakarta. Katikati ya mji ule hupita mto Code, utokao upande wa mlima wa moto wa Merapi. Kwenye kingo zake walikaa waokota takataka, wachuuzi, waendesha magari ya miguu, watu wasio na karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Serikali ilikusudia kuwaondoa. Padri mmoja wa nchi ile, Y. B. Mangunwijaya, aliyejulikana kwa watu kama Romo Mangun, alikuwa pia mchoraji wa majengo, aliyesoma kazi hiyo Aachen, Ujerumani. Alikwenda kukaa nao ukingoni. Alipinga wasibomolewe, hata akatangaza kwamba yu tayari kufunga asile. Tena hakuishia kupinga. Pamoja na wenyeji alijenga upya mtaa ule kwa miti na mianzi, vitu vya bei ndogo, nyumba zikapandishwa kwenye mtelemko, pakawa na jumba la kukutania, na kuta zikapakwa rangi za kupendeza. Mwaka 1992 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Aga Khan ya ujenzi, ambayo hutolewa na taasisi ya Kiislamu. Wengi wa wenyeji wa nchi ile ni Waislamu, na padri hakuwauliza kwanza wanasali wapi.

Tusifanye habari hii kuwa hadithi tamu. Merapi ilipolipuka mwaka 2010, matope ya mlima yalitelemka katika mto Code, yakaingia katika nyumba za kingo zake. Hatari haikuondoka kwa sababu padri alikuwa mwema. Lakini kazi ile yatufundisha jambo moja kubwa: mwenye elimu na mali aliuliza kwanza waliokuwapo wanahitaji nini, kisha akajenga. Pande mbili zilitoa kitu. Wenyeji walitoa kazi na maarifa yao ya mto. Yeye alitoa elimu yake na jina lake. Hiyo nayo ni kuweka akiba, na faida yake ilibaki kwa waliokaa pale.

Mnunuzi mdogo wa Kindu atatuambia: "Mimi si mbunifu wa majengo, wala sina fedha ya kuinua ardhi. Mifereji na kingo ni kazi ya Serikali." Ni kweli kwamba Serikali ina wajibu wake, na hatuiondolei. Lakini Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati, humwamuru ajengaye nyumba mpya azungushe ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na nyumba ikawa na hatia ya damu. Amri hiyo yamhusu mwenye nyumba mwenyewe. Mgeni akianguka, Mungu hamwulizi mfalme kwanza, humwuliza aliyejenga. Dari zetu za bati hazina watu juu yake, lakini zina maji. Ukuta mrefu wa parseli usioachiwa tundu huyasukuma maji yote nyumbani kwa jirani. Shimo la choo lililochimbwa kando ya mto hupeleka uchafu pale chini ambapo mama wengine wanateka maji. Udongo na takataka zilizotupwa mferejini huziba njia, na maji hutafuta njia mpya katika chumba cha mwingine. Na kiwanja kilichonunuliwa na kuachwa kiwe pori miaka saba, kikingojea bei ipande, huwa nyumba ya mbu na jalala la mtaa, huku familia mbili zikigombania chumba kimoja upande wa pili wa ukuta. Mambo hayo hayahitaji fedha ya Baroni Empain. Yahitaji macho.

Basi twaweza kujibu swali letu. Anayeweka fedha mahali wanapokaa watu amejipatia jirani, hata asipolala pale usiku mmoja. Yule aliyelala pale huwajibika kwa macho yake, kwa kuwa aona maji yakipanda. Asiyelala pale huwajibika zaidi kuuliza, kwa kuwa umbali humfanya mtu asione, na asichokiona humsumbua kidogo. Msamaria mwema hakuwa na nyumba katika njia ile ya Yeriko, alikuwa mpitaji. Hata hivyo Bwana wetu Yezu Kristu alimfanya kuwa mfano wa jirani. Je, mwenye kiwanja hatadaiwa kama mpitaji?

Ndugu wasomaji, anayetaka kununua ukingoni na ajiulize mambo haya kabla ya kuhesabu noti. Nimekwenda mahali pale wakati wa masika, au nimepaona kiangazi tu? Nimezungumza na mama wa nyumba ya jirani, anayejua maji yalifika wapi, au nimezungumza na muuzaji peke yake? Nani anakaa humo sasa, na kesho atalala wapi? Nikijenga, maji ya bati langu yatakwenda kwa nani? Nikipangisha, ningekubali mtoto wangu alale katika chumba kile mwezi wa mvua? Na aliyekwisha nunua zamani asidhani kwamba maswali haya yamempita. Yeye aweza kuanza leo: kuzibua mfereji, kumwambia mpangaji ukweli juu ya maji, kupunguza kodi ya chumba kinacholowa, kuinua sakafu kabla ya kuinua bei.

Viongozi wa jumuiya zetu nao wana kazi. Parseli inapouzwa mtaani, watu huitwa kushuhudia sahihi, nao hula na kunywa pamoja na pande mbili. Mkristu aitwaye kuwa shahidi asiwe shahidi wa fedha tu. Na aulize mbele ya wote: maji hufika wapi, na aliyemo aenda wapi? Maswali mawili tu, yanayoulizwa kwa upole, yangezuia machozi mengi. Kama muuzaji akasirika kwa kuulizwa, hapo mnunuzi amekwisha kupata jibu.

Mto utaendelea kupita mbele ya Kindu, ukipanda na kushuka kama ulivyofanya kabla ya reli na kabla ya karatasi zote. Sisi tunaonunua na kuuza kingo zake twapewa miaka michache tu ya kuzitumia. Tuzitumie kwa namna ambayo, siku ya kutoa hesabu, yule mjane wa ukingoni aweza kuitwa kuwa shahidi wetu, nasi tusiogope atakayoyasema.